Bossa Nova: Mcheza Kwao Hakutunzwa

Yapo madai yanayorudiwa mara kwa mara katika maandishi ya nchi za Magharibi, nayo ni kwamba muziki wa bossa nova ulizawadiwa ulimwengu na wapuliza saksafoni wa jazi wa Marekani. Madai hayo hutolewa kwa sauti ya upole, kana kwamba ni shukrani. Lakini ndani yake imejificha kasumba ileile ya kale isemayo kwamba mto haukuwapo mpaka mgeni alipofika ukingoni akauona. Hayana budi kupingwa, si kwa sababu muziki ule ni mbaya, bali kwa sababu ni mzuri, na kila kitu kizuri kina wenyewe.

Wenyewe ni nani? Karibu Waafrika milioni 5 walipelekwa Brazil utumwani. Wengi walitoka Angola, Kongo na Afrika ya Magharibi, na katika karne ya 19 maelfu kwa maelfu walitoka Msumbiji, yaani katika pwani hii hii ya Bahari ya Hindi. Utumwa haukufutwa huko mpaka tarehe 13 Mei 1888. Waliokombolewa, hasa wale waliohama kutoka Bahia kwenda Rio de Janeiro, ndio waliolea samba katika nyua zao, huku polisi wakiwasumbua na mabwana wakiwadharau. Hiyo ndiyo ngoma mama. Asiyeitaja anapoizungumzia bossa nova anamtaja mtoto na kumficha mzazi.

Mwaka 1958 João Gilberto, mwana wa Juazeiro katika jimbo la Bahia, alirekodi wimbo wa "Chega de Saudade" uliotungwa na Antonio Carlos Jobim na Vinicius de Moraes. Alichofanya Gilberto kilikuwa kazi ya akili. Alilikusanya kundi zima la ngoma za samba akaliweka katika gitaa moja: kidole gumba kikashika mapigo ya ngoma kubwa, na vidole vingine vikachezesha mapigo ya ngoma ndogo yanayokwepa na kurudi. Juu yake akaimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani usiku. Kazi hiyo ilikamilika kabla Mmarekani yeyote hajaipulizia saksafoni.

Ilifikaje Marekani? Mwaka 1961 mpiga gitaa Charlie Byrd alizunguka Amerika ya Kusini katika ziara iliyogharimiwa na serikali yake. Ziara za namna hiyo hazikuwa za muziki mtupu. Mapinduzi ya Kuba ya mwaka 1959 yalikuwa yameitia Washington hofu, na tarumbeta na gitaa vilitumwa mahali ambapo bunduki isingeonekana vizuri. Byrd alirudi na santuri za Brazil, akamsikilizisha mpuliza saksafoni Stan Getz. Mwezi Februari 1962 wawili hao walirekodi albamu ya "Jazz Samba" mjini Washington. Mwaka uliofuata ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Marekani.

Hapo mlango ukavunjika. Katika mwaka huo mmoja wa 1962 Coleman Hawkins, Zoot Sims, Ike Quebec na Gene Ammons, wote wapuliza saksafoni, walirekodi albamu zao za bossa nova. Tarehe 21 Novemba 1962 Wabrazil wenyewe walipandishwa jukwaani katika ukumbi wa Carnegie, New York. Makampuni ya santuri yaliinusa faida, na hayakuchelewa kuligeuza jina la bossa nova kuwa nembo ya kuuzia nyimbo zisizohusiana na Brazil hata kidogo.

Kilele cha biashara hiyo ni albamu ya "Getz/Gilberto", iliyorekodiwa mwezi Machi 1963 na kutolewa mwaka 1964. Katika wimbo wa msichana wa Ipanema, João Gilberto anaimba kwanza kwa Kireno, kisha mkewe Astrud anaimba kwa Kiingereza, ndipo saksafoni ya Getz inapoingia. Lakini ulipotolewa katika santuri ndogo ya kuuzwa sokoni na kupigwa redioni, sehemu ya Kireno ilikatwa. Mwenye mdundo alinyamazishwa katika mdundo wake mwenyewe! Astrud naye, ambaye sauti yake ndiyo iliyouza wimbo huo, jina lake halikuandikwa usoni mwa jalada la albamu. Mwaka 1965 albamu hiyo ilipewa tuzo ya Grammy ya albamu bora. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika soko la kibepari anayetunzwa ni mwenye ukumbi.

Watatokea watetezi waseme kwamba muziki hauna mipaka. Ni kweli, mdundo hauna pasipoti; lakini hundi ina jina la mlipwaji. Isitoshe, mipaka ilijulikana vizuri pale ilipofaa. Mwaka uleule wa 1964, wakati Marekani ikiburudika kwa nyimbo za ufuko wa Rio, serikali yake iliandaa manowari na shehena za mafuta na silaha kuwaunga mkono majenerali waliompindua Rais João Goulart. Utawala huo wa kijeshi, uliodumu hadi mwaka 1985, ndio uliomfukuza katika utumishi wa kibalozi Vinicius de Moraes, mwandishi wa maneno ya Kireno ya wimbo ule ule wa Ipanema.

Hata hivyo haki inadai kwamba wapuliza saksafoni wasipakwe wote tope moja. Getz alikuwa fundi wa kweli, na sauti yake laini, ambayo msingi wake ni Lester Young, Mmarekani mweusi, iliingiana na gitaa la Gilberto bila kulikanyaga. Cannonball Adderley alirekodi mwezi Desemba 1962 pamoja na kundi la Wabrazil wenyewe. Wayne Shorter alipotoa "Native Dancer" mwaka 1975, aliliweka jina la Milton Nascimento kwenye jalada, akapiga tungo zake na kumwacha aimbe kwa Kireno. Huko ndiko kukumbatiana. Kosa halimo katika mdomo wa saksafoni. Limo katika mfumo unaomlipa anayesambaza na kumsahau anayezaa.

Brazil nayo haikukosa watu wa kuuliza maswali hayo. Nara Leão, binti wa Copacabana ambaye nyumbani kwao vijana wa bossa nova walikuwa wakikutana, aliigeukia samba ya makabwela. Katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1964 aliimba tungo za Cartola, Zé Keti na Nelson Cavaquinho. Alitambua kwamba hata bossa nova ilikuwa na deni kwa watu wa vilimani.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku 19 tu baada ya onyesho la Carnegie, Mwalimu Nyerere aliwaeleza Watanganyika kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, akasikitika kuwa wengi walijua kucheza rumba na twisti lakini hawakuijua Gombe Sugu wala Lele Mama. Hakusema wageni wasisikilizwe. Alisema wazi kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni la wapumbavu. Somo la Brazil linakamilisha lile la Mwalimu: kuipenda ngoma yako hakutoshi ikiwa hukuandika ni ya nani.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria haijipigi ngoma yenyewe. Afisa utamaduni anayerekodi wazee wa kijijini bila kuandika majina yao anaanza wizi ambao mgeni ataumaliza. Mwalimu anayefundisha wimbo bila kumtaja mtunzi, naye anajua kuwa yupo, anawazoesha watoto kuamini kwamba kazi ya sanaa huota kama uyoga. Kalamu na daftari vianze kazi sasa, kabla saksafoni ya mgeni haijabisha hodi.