Fundi wa Buyenzi Avushwe

Ndugu askari na polisi, gari likiharibika mnajua pa kulipeleka: Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi. Huko yuko kijana wa shule ya ufundi atambuaye kasoro ya injini kwa kuisikiliza tu. Lakini mlango wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, hufunguliwa kwa hisabati na Kifaransa, si kwa spana. Akili anayo, amekosa wa kumvusha.

Ni wajibu wa Chuo kuweka masomo ya matayarisho kwa vijana kama huyo. Nanyi mlio na elimu hiyo, jitoleeni jioni mbili kwa juma kuwafundisha. Taifa lenye mafundi hodari litaazima wahandisi hadi lini?