Fakiri Asiye na Karatasi

Ndugu zetu wa pwani, imekuwa ada kusema kwamba kijana aliyekosa mkopo wa chuo kikuu amekosa kwa uvivu wake, au kwa kutojua kujaza fomu. Neno hili husemwa barazani baada ya sala ya Alasiri na watu wenye akili zao, nao aghalabu ni wale ambao watoto wao walisomeshwa kwa mfuko wa baba. Si neno la haki, na yafaa lijibiwe.

Tutazame Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Huko mtu hulima pamba, na fedha huiona kwa msimu, akijaaliwa kuiona. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakashindwa, na wakulima wengi wakakaa miezi wakingoja malipo ya pamba waliyokwisha kuikabidhi. Mzee wa namna hiyo huenda ana shamba na ng'ombe wawili watatu, lakini hana nauli ya kumpeleka mwanawe Dar es Salaam, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,000, sembuse ada.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kwa ajili ya mtoto kama huyo. Jambo jema. Lakini Bodi haiuoni umaskini. Huiona karatasi ya umaskini. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA. Yatima alete vyeti vya vifo vya wazazi. Awepo mdhamini, na fomu ipite kwa serikali ya kijiji au mtaa na kwa kamishna wa viapo. Maombi hutumwa kwa mtandao, na ada yake imekuwa shilingi 30,000. Sasa fikirini: baba aliyefariki kijijini Meatu au Itilima akazikwa na jirani zake, nani aliyekwenda wilayani kuandikisha kifo chake? Mtoto wa mkubwa wa ofisi ana kila cheti ndani ya bahasha moja. Basi anayeweza kuuthibitisha ufakiri wake vizuri zaidi ni yule asiyekuwa fakiri sana! Hatuwatukani watumishi wa Bodi, kwani fedha ya umma haigawiwi kwa maneno matupu. Lakini kipimo kinachomwacha nje aliye chini kabisa kina kasoro, na wenye kukitunga wanapaswa kuambiwa.

Wako watakaosema: mkopo huo una riba, heri mtoto akae nyumbani. Kwa miaka mingi hoja hii ilikuwa na nguvu, maana deni likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na nyongeza juu ya deni twaijua, uipe jina ulipendalo. Mwaka 2021 nyongeza hiyo ilifutwa. Ile asilimia 15 ikatwayo katika mshahara ni kiwango cha kulipia deni, wala si ziada juu yake. Mwenye shaka bado na ayachukue masharti ya mkopo ampelekee mwanachuoni ayasome. Lakini twauliza: katika miaka yote tuliyowaambia vijana wasiuguse mkopo huo, tuliwapa nini badala yake?

Wazee wetu hawakuwa hivi. Al-Azhar mwanafunzi maskini alilala katika riwaki na kula mkate wa mali ya wakfu. Hapa kwetu Mombasa, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, MIOME, ilijengwa kwa michango, ikiwamo ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Mwenye mali atajibu kwamba zaka ni ya fakiri, si ya chuo. Imam Nawawi katika Al-Majmuu ameeleza kwamba aliyeshughulika na elimu ya sheria, ambaye kuchuma kungemkatia masomo yake, huhalalika kupewa zaka. Wanavyuoni wa zama zetu, kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wameitia humo elimu yenye kunufaisha. Atajibu tena kwamba Bariadi ni mbali, na zaka haihamishwi. Kweli, katika madhehebu yetu ya Shafii haihamishwi na hali wenye kustahiki wapo mjini; ila sadaka na wakfu havina mpaka huo. Na hata huyo asemaye hivyo, je, amewatazama wa karibu? Mtoto wa mvuvi wa Kilwa au Mafia ana shida ile ile ya mtoto wa mkulima wa pamba, na cheti cha baba yake hakipo vile vile.

Ziko nyumba za wakfu katika miji yetu zinazopangishwa kwa kodi ya zama za kale, na wapangaji wake ni watu wenye uwezo. Iko misikiti inayochangiwa zulia jipya na la zamani halijachakaa. Fedha ya zulia moja hulipia ada ya maombi ya vijana kumi, shilingi 300,000, na kumtuma kijana mmoja ajuaye mambo ya ofisi akawafuatilie vyeti vyao RITA na mahakamani kabla muda wa maombi haujafungwa.