Baiskeli ya shokapu mbili: niliijaribu, nikairudisha

Juzi hapa Mwanga mjini jamaa kaniletea baiskeli ya milimani, mtumba wa Ulaya: shokapu mbele na nyuma, breki za diski za mafuta. Anataka milioni moja na laki mbili. Mpya ya daraja hilo huko kwao inaweza kupita dola 5,000, nikaona ni zali.

Nikaomba niijaribu. Nikaipandisha kwa gari hadi Usangi, nikashuka nayo. Jamani, lile dude linateremka! Mawe inayameza, mikono haiumi, breki unagusa kwa kidole kimoja. Kwa starehe naipa kumi kwa kumi.

Ila mimi nauza samaki wa Nyumba ya Mungu, siuzi starehe. Fremu haina hata tundu la kufungia keria. Fundi akabana keria kwenye bomba la siti, nikaweka tenga la kilo 15. Nyuma ikabonyea kama kuku anayeatamia, na kila nikikanyaga pedali nguvu inaishia kwenye shokapu. Hiyo shokapu ni ya upepo, inataka pampu yake maalumu. Cheni ya gia 12 ni nyembamba, ya Phoenix haiingii. Ikikatika Jumatatu, samaki wanaoza Jumanne.

Nimemrudishia. Phoenix yangu nzito, mlimani naisukuma, lakini spoku zake napata popote. Anayetaka kukodishia watalii wa Upare, hesabu yake nyingine, anitafute nimwelekeze kwa muuzaji.