Kutu ya Figo na Deni la Kiswahili

Aghalabu mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili huishia katika kumbi za makongamano, ilhali wanaozihitaji istilahi hizo wako kwingine. Mfano mwafaka ni Kawangware, magharibi mwa Nairobi. Kuhara kukali, kuvuja damu baada ya kujifungua, au ajali ya bodaboda huweza kupunguza mno damu ifikayo kwenye figo. Mgonjwa akishaokolewa, jamaa zake huweza kuambiwa jambo la kushangaza: damu imerejea, lakini figo zimejeruhiwa.

Je, damu iletayo uhai yawezaje kudhuru? Jibu limo katika maisha ya mtaani. Mfereji ukikaa siku kadhaa bila maji, yanaporejea hutangulia yale mekundu yaliyobeba kutu. Vivyo hivyo, seli za figo zikikosa oksijeni huishiwa nguvu na kulimbikiza mabaki ya kemikali. Oksijeni inaporudi kwa ghafla, mabaki hayo huchochea kuzuka kwa chembe kali zinazounguza utando wa seli. Chembe hizo na kutu ya chuma ni wa ukoo mmoja, kwani asili yao ni oksijeni.

Hata hivyo, sitiari nzuri ina hatari yake. Asikiaye habari za kutu atadhani kwamba kizuia-oksidishaji, kama vile vitamini C, vitamini E au asetilisisteini, kitaiondoa. Kwa panya wa maabara, dawa za aina hii zimeleta matumaini mengi. Kwa binadamu mambo ni mengine. Utafiti uitwao PRESERVE, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha wagonjwa wapatao 5,000 ambao figo zao zingeweza kudhuriwa na dawa ya kupigia picha mishipa. Jeraha hilo si lile lile, ila nalo huhusishwa na upungufu wa damu na oksidishaji. Asetilisisteini haikuwakinga kuliko kidonge kisicho na dawa. Hadi leo, hakuna kizuia-oksidishaji kilichokubaliwa kuwa tiba ya kawaida ya figo zilizokatikiwa damu.

Yanayojulikana kusaidia ni mepesi kuyataja: kumnywesha mapema anayehara maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, kuzuia damu isivuje, kuepuka ibuprofeni na daiklofenaki mwili unapokauka maji, na kuwahi hospitali mkojo unapopungua.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki hizo hubaki maandishi matupu iwapo hakuna wa kuyaandaa maelezo yenyewe. Hapo ndipo lilipo deni la mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye amefunzwa kuchambua sitiari za washairi na kujua pale zinapofichua na pale zinapoficha.

Neno "kizuia-oksidishaji" likifika mtaani bila neno "haijathibitishwa" kando yake, litakuwa tangazo la mchuuzi wa dawa za kusafisha figo. Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Basi vyama vya Kiswahili vyuoni na viketi pamoja na wanafunzi wa utabibu, viyaandike maelezo hayo, kisha viwasomee wakazi wa Kawangware kabla ya kuyachapisha. Istilahi ambayo mgonjwa hakuielewa bado haijasanifiwa.