Mvua ya Mawe: Tuache Kupigana na Mawingu

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet hana habari na theluji, lakini barafu anaijua. Alasiri, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na ule wa mashariki juu ya miinuko ya Mau, mawingu yakapanda upesi hadi kwenye baridi kali, na kwa dakika chache mawe yakachanachana machipukizi yaliyokuwa yachumwe kesho yake. Takwimu inayorudiwa mno kuhusu Kericho ni siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Naichukulia kuwa hesabu ya eneo zima, maana vinginevyo hakuna shamba lingebaki na jani.

Swali ni nani abebe hasara hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jibu lilikuwa roketi: zililipuliwa mawinguni ili kuyavunja mawe kabla hayajakomaa. Kuelekea mwisho wa muongo huo zikaja ndege za kampuni ya Marekani, zikinyunyizia mawingu iodidi ya fedha. Waendeshaji waliripoti kuwa hasara ilipungua. Lakini nani ajuaye wingu lile lingemwaga nini kama lingeachwa? Shirika la Hali ya Hewa Duniani mpaka leo linasema ushahidi wa kuzuia mvua ya mawe hautoshi. Kisha mwaka 1982 mtafiti Russell Schnell na mwenzake wakaeleza kwamba takataka za majani ya chai zina chembe zinazogandisha maji, na kwamba wachumaji huenda wanazitimua hewani kwa miguu yao. Yaani chai inajiitia mawe!

Kwa hiyo sioni haja ya kurudi angani. Tahadhari nayo ina mpaka wake. Wapanda milima wa Ulaya husoma kila siku kiwango cha hatari ya maporomoko ya theluji, kuanzia 1 hadi 5, na anayeona 4 ana hiari ya kubaki nyumbani. Mchumaji chai anastahili onyo kama hilo, hasa kwa sababu ya radi, na msimamizi alazimike kumruhusu aondoke shambani bila kukatwa ujira. Mchai, hata ukionywa, utabaki pale pale.

Inabaki bima, na hapo pagumu. Bima ya mazao ambayo serikali ilianzisha mwaka 2016 kwa mahindi hupima wastani wa mavuno ya eneo. Mvua ya mawe haiendi kwa wastani. Hupita kama ukanda: wewe umebaki na vijiti, jirani ng'ambo ya kijito anachuma kama kawaida. Wastani wa kata ukionekana mzuri, hulipwi hata senti.

Ila chai ina kitu ambacho mahindi hayana. Majani hupimwa kwa mizani ya kielektroniki kila yanapofikishwa kwenye kituo cha kuyakusanyia, na kilo zikaandikwa kwa jina la mkulima. Aliyezoea kupeleka majani kila wiki akisimama ghafla, rekodi inaonyesha. Atakayepinga atasema, na kwa haki, kuwa mjanja atauzia mchuuzi majani yake kisha adai mawe yamempiga. Basi karani wa kituo na majirani wawili wakakague shamba ndani ya siku mbili; jani lililotobolewa na mawe halifanani na tawi lililochumwa.

Fedha zenyewe zikatwe senti chache kwa kila kilo, zikae kiwandani, zisimlipe mtu bonasi bali fidia ya kilo alizopoteza mpaka mchai uchipue tena. Wakulima wa Litein, Momul au Kapkoros ni wenye hisa katika viwanda vyao. Hawahitaji kungoja Nairobi. Kazi ngumu itakuwa kumshawishi yule ambaye shamba lake halijapigwa miaka mitatu mfululizo, na sidhani atashawishika kabla ya kuona jirani yake amelipwa.