Viwanda vya chuma vipunguze moto, si wafanyakazi

Kila mara wenye viwanda vya chuma nchini wanapozungumza na wanahabari, malalamiko yao huwa yale yale: umeme ni ghali, vyuma kuukuu ni adimu, na bidhaa za kutoka ng'ambo zinawanyang'anya soko. Sikatai kwamba hayo yana ukweli. Ninachokikataa ni dawa inayopendekezwa upesi mno, nayo ni kupunguza wafanyakazi.

Miaka kadhaa iliyopita nilizuru kiwanda kimoja pamoja na wanafunzi wangu, kukusanya istilahi zitumiwazo na mafundi wa tanuri. Tulifuata maneno, wala si chuma. Hata hivyo, niliona mapande ya chuma yaliyotoka kumiminwa yakipangwa uani, mekundu bado, ili yapoe. Kesho yake yangeingizwa katika tanuri jingine, yapashwe moto upya hadi zaidi ya nyuzi 1,000 za selsiasi, ndipo yapitishwe kwenye rola yawe vyuma vya kujengea. Nilimwuliza fundi mmoja wa makamo sababu yake. Akacheka.

"Mwalimu," akasema, "hapa tunasonga ugali, tunauacha upoe, kisha tunaupasha ndipo tule."

Je, alikuwa amewaeleza wakubwa wake? Alinionyesha sanduku la maoni ukutani. Fomu zake zilikuwa za Kiingereza, naye hakuwa amejaza hata moja.

Alichokisema fundi yule wataalamu wanakijua. Pande likiingia katika tanuri la pili lingali na joto, mafuta yanayochomwa hupungua. Tena, kwa kuwa moto hula uso wa chuma ukaugeuza magamba, kulipasha kwa muda mfupi huokoa chuma chenyewe. Linalohitajika kwanza ni ratiba: wayeyushaji na watu wa rola waafikiane saa. Vivyo hivyo, vyuma kuukuu vikiondolewa udongo na takataka mapema, umeme hautapotea kwa kuyeyusha mavi ya chuma. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mlango wa tanuri hupitisha fedha usiku na mchana.

Historia inatufunza hayo hayo. Mwaka 1828 James Neilson wa Scotland alipata hataza ya kupasha hewa moto kabla haijaingia tanurini. Kufikia 1830, katika kiwanda cha Clyde, makaa ya mawe yaliyotumika kutengeneza tani moja ya chuma yalikuwa yamepungua kutoka takriban tani 8 hadi takriban 5. Wala hekima hiyo si ya Wazungu peke yao. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti juu ya uyeyushaji wa chuma wa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria nchini Tanzania. Walitoa hoja kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri iliipasha hewa moto kabla ya kuyafikia makaa. Hoja hiyo imepingwa na baadhi ya wanazuoni, lakini hapana anayekana kwamba wahunzi wale walikuwa mabingwa, na ubingwa wao haukurithishwa kwa Kiingereza.

Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Yafaa basi maagizo ya tanuri, ratiba za zamu na fomu za maoni ziandikwe kwa Kiswahili, na mkutano mfupi ufanywe kila zamu inapobadilishana. Kampuni ya Toyota ya Japani ilianzisha utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951, na hapana aliyeiona ikijuta. Sisi wa idara za isimu tusijifungie vyuoni. Tuwasaidie mafundi kuunda istilahi zao.

Kwa hivyo, wenye viwanda, kabla ya kumwachisha kazi mtu asimamaye mdomoni mwa tanuri, mwulizeni kwanza, kwa lugha anayoimudu, joto linapotelea wapi.