Mtoto na Hesabu

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kama kwingineko, husikika wazazi wakisema mbele ya watoto: "Sisi hatuna kichwa cha hesabu." Neno hilo lina hasara kubwa. Mtoto huliamini, naye huacha kujaribu kabla hajashindwa.

Lakini watazameni vijana wachezao bao vibarazani. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete 2, na mchezaji hodari hujua zitaishia wapi kabla ya kuzitwaa. Hiyo ni hesabu, wala hakuna aliyemtisha kwamba ni ngumu.

Basi mtumeni mtoto Marikiti na shilingi 200. Akinunua viazi vya shilingi 60 na nyanya za shilingi 45, na aeleze mwenyewe zilizobaki. Akikosea, msimcheke wala kumkemea, mwulizeni, "Umefikaje hapo?" Akiieleza njia yake, mara nyingi ataliona kosa mwenyewe, naye atapata moyo wa kujaribu tena. Haba na haba hujaza kibaba.